Askergill wa Kweli Ni Yupi?

Mimi naitwa Avril Tordoff, na kwa baba yangu hilo ndilo kosa langu kubwa. Jina la Tordoff nililipata siku niliyoolewa na Neville. Sikuliiba, wala sikuliokota njiani. Kabla ya hapo nilikuwa Askergill kama baba, na kama shamba letu lililoko juu kabisa bondeni, kule barabara inakokata tamaa na kugeuka mawe matupu. Shamba linaitwa Askergill, na sisi tunaitwa Askergill. Nani alimpa mwenzake jina? Baba hakuwahi kuwa na shaka. Sisi ndio tuliolipatia shamba jina, na kila Askergill aliyeko duniani ametoka kiunoni mwa babu yetu mmoja.

"Na wewe ukatuacha ukaenda kwa akina Tordoff," hunisimanga.

"Nimekwenda wapi, baba? Si nalala palepale nilipozaliwa!"

"Jina limekwenda."

Baba yangu, Ambrose Askergill, ana miaka themanini na ushei. Magoti yamekwisha, mdomo bado mzima. Kazi ya shamba naifanya mimi. Mimi ndiye ninayezalisha kondoo Aprili theluji ikinipiga usoni, mimi ndiye ninayewanyoa, na ukuta wa mawe ukibomoka mimi ndiye ninayeujenga upya. Neville anaendesha basi la shule, akirudi ananisaidia. Watoto hatukujaliwa. Lakini baba alikwisha apa kwamba shamba haliendi kwa Tordoff, ng'o. Litakwenda kwa mwanamume mwenye jina na damu ya jina, hata ikibidi atafutwe mwisho wa dunia. Siku mzee akifumba macho, mimi na Neville tufungashe virago.

Nilidhani ni maneno ya uzee. Kumbe mzee alikuwa na mpango wake.

Kuna chama cha watu wenye jina letu. Msicheke, nchi hii karibu kila jina lina chama chake. Mwenyekiti ni Rosalind Askergill, mwalimu mstaafu kutoka Leicester, mwanamke mwembamba ambaye akikohoa tu watu wananyamaza. Rosalind aliwatumia wanaume wa jina letu vichupa, Uingereza, Kanada mpaka Australia, wateme mate ndani, wavirudishe, wapimwe vinasaba ijulikane nani ni ndugu wa nani. Mkutano mkuu ukapangwa kufanyika kijijini kwetu, Septemba, na majibu yasomwe hukohuko kwenye chimbuko. Baba alikitemea mate kichupa chake akiwa amevua kofia, na kofia ile huwa anaivua kanisani tu.

"Atakayekuwa karibu nami kwa damu ndiye mrithi," akasema. "Nitamtangaza palepale mbele ya ukoo mzima."

Nilipomweleza Neville, aliendelea kutafuna mkate wake. Halafu akasema, "Basi tuombe Mungu awe mtu mwenye mzio wa kondoo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilinitia hasira. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu nikaanzie wapi? Nikapange chumba mjini, nichunge nini, paka?

Jumamosi ile ilipofika, ukumbi wa kijiji ukajaa akina Askergill mpaka madirishani. Kila mmoja alibandikwa jina kifuani, sijui kwa faida ya nani, maana lilikuwa jina lilelile. Jirani yetu aliingia akapaza sauti, "Bwana Askergill, gari lako limeziba lango langu!" Nusu ya ukumbi ikatoka nje. Wakarudi wakilaumiana, na gari likabaki palepale. Watu walikuwa wanaitana binamu, wanakumbatiana, wanashikana pua na masikio. "Tazama kidevu! Kidevu chetu hicho!" Nami nikitazama naona mmoja ana kidevu kama kigoti cha mtoto na mwenzake hana kidevu kabisa.

Mimi nilikuwa jikoni na birika kubwa la chai, trei za pai na sufuria la njegere za kulia pai. Ukumbini hapakuwa na nafasi ya Tordoff, lakini jikoni ilikuwepo.

Akaja mwanamume mmoja mwenye uso ulioiva kwa jua, meno meupe, shati la maua. Grant Askergill, kutoka Adelaide, Australia. Kazi yake kuuza mabwawa ya kuogelea, na tangu asubuhi baba alikuwa na hakika kwamba majibu yatamtaja yeye.

"Wewe ndiye Avril! Binamu!" Akanikumbatia mimi na trei. "Mzee wako amenieleza yote. Nyumba ina vyumba vingapi vya kulala?"

"Vinatosha wanaolala."

"Na maji ya moto yapo wakati wa baridi?"

"Yapo ukiyachemsha."

Akaguna. Akachungulia dirishani kule mlimani, ambako kondoo wetu walionekana kama vidoti vyeupe. "Niambie ukweli, binamu. Wanauma?"

Nilimmiminia chai ya moto kuliko inavyoruhusiwa. Si mtu mbaya, nasema kweli. Lakini kichwa kilikuwa kinaniwanga. Nimezaliwa pale, nimevunjika mkono pale, nimemzika mama nikitokea pale, halafu huyu anayeuliza kama kondoo wanauma ndiye damu, mimi ndiye mgeni! Nilijaribu kuielewa hesabu hiyo, ikanishinda.

Rosalind akakohoa. Ukumbi ukatulia. Nikasimama mlangoni mwa jiko na kitambaa cha vyombo mkononi. Baba alikuwa kiti cha mbele, amevaa suti ya mazishi, Grant pembeni yake.

"Majibu yamenishangaza," Rosalind akaanza. "Nimeyarudia kuyasoma, nikawauliza wataalamu, nikadhani vichupa vimechanganywa. Havikuchanganywa. Ndugu zangu... sijui kama niwaite ndugu. Sisi si ukoo mmoja."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani.

"Askergill wa Leicester na wa Adelaide ni damu moja, hilo halina shaka." Grant akamtazama Rosalind juu mpaka chini, na hakuonekana kufurahi sana. "Askergill wa Burnley ni damu nyingine kabisa. Wa Newcastle, nyingine. Wa Kanada ni wawili tu, mtu na kaka yake, nao..." Akasita, akageuza karatasi. "Hilo nitazungumza nao faraghani."

Wazee wawili wa Kanada wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama?" Mwenzake akamwambia nyamaza.

Hapo ikawa vurugu. Huyu anasimama, yule anadai arudishiwe mate yake, mama mmoja wa Burnley anauliza kama akina Newcastle waliojiita binamu zake wamekuja kula pai za watu bure. Rosalind akakohoa mpaka akapaliwa kweli.

"Sikilizeni!" akasema. "Hakuna aliyedanganya. Zamani watu wa kawaida hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu akitoka bonde hili kwenda kutafuta kazi, anaulizwa, wewe wa wapi? Anajibu, wa Askergill. Basi jina limeshika, lake na la wanawe na wajukuu. Mwana wa mwenye shamba aliitwa hivyo, mchunga wake aliitwa hivyo, na kijana aliyekuja msimu mmoja kukata nyasi akaondoka, naye hivyohivyo. Walitoka hapa wengi, kwa nyakati tofauti, kila mmoja na damu yake. Jina ni la mahali. Sisi tumelibeba tu."

Baba alikuwa ameinua mkono kitambo.

"Mwalimu, hayo ya watu waliohama sina neno nayo. Sisi hatukuhama. Niambie tu nani yuko karibu nami."

Rosalind akavua miwani. "Hakuna, Bwana Ambrose."

"Hakuna wa karibu sana, nimekuelewa. Wa mbali kidogo?"

"Hakuna kabisa. Hufanani na yeyote humu ndani. Damu yako haimo katika kundi lolote."

Nilimwona baba akigeuka taratibu kuangalia nyuso zile zote, kidevu kwa kidevu, akiwa amepigwa na butwaa. Halafu akashika fimbo, akasimama, akaja moja kwa moja kwenye mlango niliosimama mimi. Akanipita, akaingia jikoni, akakaa juu ya kreti la maziwa.

"Liuzwe," akasema.

"Nini?"

"Shamba. Lipelekwe mnadani. Kama mimi si Askergill, basi hakuna Askergill, na kama hakuna Askergill sioni la kurithisha."

Jamani! Nilikuwa nimekuja siku ile nimejiandaa kulipoteza shamba kwa Grant, sasa nalipoteza kwa mtu yeyote mwenye fedha! Nilikasirika sana. Nikaufunga mlango kwa teke.

"Baba, mimi sielewi. Nieleweshe polepole. Babu yako alitoka wapi?"

"Unajua. Keld."

"Alikuja na nini?"

"Mfuko na mbwa. Aliajiriwa kwetu, akamwoa Bibi Hannah. Hadithi hiyo umeisikia tangu unanyonya."

"Huko Keld aliitwa nani?"

Baba akafikiri. "Peacock, nadhani. Ndiyo, Peacock. Kule kila mtu ni Peacock."

"Sasa Peacock amekuwaje Askergill?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanalowanishaje. "Wewe Avril, una akili timamu? Si alihamia Askergill! Ulitaka aitwe nani? Hapa mtu anaitwa mahali anapolala. Hata kasisi alipombatiza baba yangu aliandika Askergill, maana hakuna aliyemjua kwa jina jingine."

Aliposema hivyo tukatazamana. Wote wawili tulikuwa tunaijua hadithi ile maisha yetu yote, ya Peacock na mfuko na mbwa. Mimi nimesimuliwa juu ya goti lake! Na hakuna kati yetu aliyewahi kuiweka pamoja na ile nyingine ya babu mmoja na kiuno kimoja. Jibu lilikuwa nyumbani, tukalitafuta kwenye mate.

"Na Bibi Hannah kabla hajaolewa aliitwaje?" nikamuuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Askergill."

"Alipoolewa?"

"Askergill."

"Basi nani aliyebadili jina siku ya arusi?"

Alikuwa anakwaruza sakafu kwa ncha ya fimbo.

"Na baba yake Bibi Hannah?"

"Yule sikumkuta. Walisema alitoka Dent. Shamba lilikuwa la mama yake Bibi Hannah, Nan." Akarudia jina lote. "Nan Askergill. Sijui mume wake aliitwa nani. Hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuuliza."

Nje ya mlango tulisikia mtu akipaza sauti kwamba Burnley wanaanzisha chama chao.

"Madume hununuliwa," baba akasema polepole.

"Unasemaje?"

"Kondoo, Avril. Dume tunalinunua mnadani. Mwaka huu limetoka huku, mwaka ule limetoka kule, likichoka tunaliuza. Na hakuna mtu hata siku moja aliyeniambia kundi langu si la Askergill kwa sababu dume limetoka Hawes. Atakuwa kichaa. Kundi ni majike. Mlima hauna ua, hauna waya, kitoto kinajifunza mipaka kwa mama yake, naye alijifunza kwa mama yake. Ukiuza majike huna kundi tena, hata uwe na madume ya dhahabu." Akapangusa pua kwa mkono wa suti. "Babu alikuwa hanunui dume mpaka amwombe ruhusa Bibi Hannah. Anasimama mbele ya kiti chake, kofia mkononi. Funguo alikuwa nazo bibi. Mimi nilikuwa nadhani anamwogopa tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Usiniharakishe." Akaizungusha fimbo mikononi. "Nimekuwa nikijivunia kiuno cha mtu ambaye hakuwepo. Sasa mimi ni nani, Avril?"

Baba yangu hajawahi kuniuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari. Hasira yangu yote ikayeyuka, nikachuchumaa mbele ya lile kreti.

"Wewe ni mjukuu wa Hannah," nikamwambia. "Aliyekulea ni yeye, akakufundisha mlima. Inatosha hiyo."

Mlango ukafunguliwa, Neville akaingiza kichwa. "Samahani jamani. Wanauliza pai. Na wale wazee wa Kanada wanauliza kama kuna kitu kikali kuliko chai."

"Neville," baba akasema, "kwetu ulihamia lini?"

"Siku ya arusi, baba. Ulikuwepo. Ulinuna."

"Ulikuja na nini?"

"Sanduku na baiskeli."

"Watu wa bondeni wanakuitaje?"

Neville akanitazama mimi, akaogopa kidogo. "Neville wa Askergill. Tangu zamani. Sijawatuma, baba, wanasema wenyewe."

"Na wewe huwasahihishi?"

"Niwasahihishe nini? Si nakaa pale?"

Baba akapiga fimbo chini. "Umesikia, Avril? Huyu naye ni Askergill! Amekuwa Askergill miaka yote hii na mimi namtukana mezani!"

Badala ya kufurahi, roho ikanipasuka. Mume wangu nampenda, lakini nilimwona mzee alivyomkazia macho, nikajua kichwa chake kimeanza kukimbia upande mwingine. "Baba! Usije ukampa Neville shamba!"

"Mimi silitaki," Neville akasema haraka. "Mimi nimefuata pai."

Lakini baba alikuwa amekwisha inuka. Akatoka, sisi nyuma yake, mimi na kitambaa changu, sijui anakwenda kusema nini. Naapa hata yeye alikuwa hajui. Akapanda jukwaani akishikilia meza, Rosalind akampisha, na kelele zikapungua kwa sababu kila mtu alitaka kujua kama mzee mwenye chimbuko atazimia.

"Nilisema leo nitamtaja mrithi wangu," akaanza. "Nilidhani ni huyu bwana wa mabwawa. Ni mtu mzuri. Ananiuliza kama kondoo wanauma." Watu wakacheka, Grant naye akacheka, akapumua kama mtu aliyefutiwa deni. "Mwalimu hapa anasema damu yangu haina mwenzake. Sawa. Mimi ni Peacock, au kitu cha namna hiyo. Halafu nimekwenda kukaa jikoni, na huko nimechanganyikiwa zaidi. Maana shamba lilikuwa la Nan. Likawa la binti yake, Hannah. Hannah akazaa wavulana watupu, ndipo likapitia kwa baba na kwangu mimi. Sisi tulikuwa tunalishika tu, na hakuna aliyetuambia tunamshikia nani."

Akatafuta kwa macho ukumbini, akapapasa mfukoni miwani, akaikosa, akaendelea kutafuta bila miwani. Neville akanisukuma mgongoni, nikasogea mbele hatua chache.

"Yuko wapi... ah. Yule pale. Yule mwenye kitambaa. Shamba ni lake. Si la mume wake, asije akanipigia kelele tena. Ni lake yeye." Akanionyesha kwa kidole. "Nimemtafuta Askergill dunia nzima, nimetema mpaka mate kwenye kichupa, na kumbe kila asubuhi ananikaangia mayai."

Ukumbi ukapiga makofi, ingawa nadhani nusu yao hawakujua wanampigia nani. Rosalind alikuwa analia wazi. Mimi nilikuwa nimelisubiri neno lile tangu ujana wangu, nimelipangia majibu zizini, nimelipangia majibu makali na ya kumkata mzee maini. Sasa nimepewa, na yote yamenitoka kichwani, sijui nicheke au nilie, na baba bado amesimama kule juu akinisubiri, ameishika meza, anaogopa nitakataa.

"Shuka ukae, baba," nikamwambia. "Njegere zako zinapoa."